Elimu, Shaka na Amana

Lugha yetu ina ngazi tatu za kujua. Iko yakini, yaani ujuzi usiotikisika. Iko dhana, ambapo moyo umeelekea upande mmoja kwa sababu ya dalili zilizoonekana, ingawa upande wa pili haujafungwa. Na iko shaka, ambapo mizani haijui ilale wapi. Mkulima wa Rulenge au wa Nyakahura hapandi mahindi yake kwa yakini; hupanda kwa dhana. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, wala hawakusema kwamba mawingu ni mvua. Mkulima huyo hangoji mpaka ahakikishiwe, maana akingoja hivyo msimu utampita. Lakini pia hamwagi mbegu zote za ghalani kwa ajili ya wingu la kwanza. Hupanda sehemu na kuweka sehemu.

Katika insha hii twataka kuuliza kama sisi tuliosoma, tunaofundisha na tunaokaa ofisini, tunayo adabu hiyo ya mkulima pale tunapopokea maneno ya wataalamu kuhusu misitu, wanyama na maradhi ya nchi yetu. Tumechagua kulipima swali hili kwa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kuwa ni nchi ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja imeamriwa mambo mengi kwa jina la sayansi.

Wanafunzi hujifunza sayansi kwanza kwa majaribio madogo. Mwalimu huotesha maharagwe katika makopo mawili, moja hulinyima mwanga na jingine huliweka dirishani, na mambo mengine yote huyalinganisha. Baada ya siku chache jibu liko mezani. Elimu ya viumbe na mazingira yao, ambayo wataalamu huiita ikolojia, haina makopo mawili. Ziwa Burigi ni moja. Mwaka 1890 ulikuja mara moja, ukaenda. Mninga huhitaji umri wa mtu ili ukue, na mvua ya mwaka huu si mvua ya mwaka jana. Kwa hiyo mtaalamu wa ikolojia anayesema “yaelekea” hasemi hivyo kwa uvivu wala kwa woga. Anasema kiasi kile kile alichokiona. Mwanafunzi anayedhani kuwa neno hilo ni udhaifu wa sayansi amelielewa vibaya. Neno hilo ni sehemu ya kipimo, kama vile gramu ilivyo sehemu ya uzito. Ukiandika 5 bila kusema kama ni gramu au kilo, hujaandika uzito wowote.

Tuanze na mbung’o, maana ndiye aliyeitawala historia ya nchi hii kuliko watemi wengi. Nzi huyu hubeba vimelea vya malale kwa binadamu na vya nagana kwa ng’ombe. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliangamiza watu katika pwani za Ziwa Viktoria, hasa Busoga katika Uganda, ambako makadirio ya vifo hupita 200,000. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha kuwa mbung’o ndiye mbebaji. Hilo lilifikia daraja la yakini, na limebaki hivyo hadi leo. Lakini kutokana na yakini hiyo moja yalizaliwa maagizo mengi ambayo hayakuwa yakini hata kidogo.

Mwaka 1906 Ujerumani ilimtuma Robert Koch, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, kuuchunguza ugonjwa huo katika Afrika ya Mashariki. Aliweka kambi yake katika visiwa vya Sese. Alipochunguza damu iliyokuwa matumboni mwa mbung’o wa ziwani aliona kwamba nyingi ilikuwa ya mamba, akapendekeza mamba waangamizwe. Wagonjwa aliwatibu kwa atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Dawa hiyo ilivifukuza vimelea katika damu kwa muda, na jambo hilo likaonekana kuwa ushindi. Vipimo vya dawa vilipoongezwa baadhi ya wagonjwa walipofuka, na wengi ugonjwa uliwarudia. Kambi za namna hiyo zilifunguliwa pia upande wetu wa ziwa, mojawapo ikiwa Kigarama, katika nchi ya Kiziba. Hatumtaji Koch ili kumdharau. Mtu aliyegundua kimelea cha kifua kikuu hadharauliwi na washairi. Tunachokitazama ni umbali uliokuwapo kati ya jambo lililoonekana na jambo lililoagizwa. Kilichoonekana ni damu ya mamba katika matumbo ya nzi wa mahali fulani, kwa miezi fulani. Kilichopendekezwa kiliwahusu mamba wote.

Baadaye ilikuja zamu ya wanyama wa porini. Hoja ilikuwa fupi na ya kuvutia: mbung’o hunywa damu, wanyama wana damu, basi wanyama wakiisha mbung’o atakufa njaa. Ng’ambo ya Mto Kagera, katika nchi ya Ankole, maelfu ya wanyama walipigwa risasi kwa sababu hiyo katika miaka iliyozunguka uhuru wa Uganda. Lakini uchunguzi wa B. Weitz, uliochapishwa katika miaka ya 1950 na 1960, ulikuwa ukionyesha kwamba mbung’o huchagua. Hupenda damu ya ngiri, ya nguruwe pori, ya pongo, ya tandala na ya nyati. Pundamilia huguswa kwa nadra sana, na swala pala vivyo hivyo, hata pale wanapojaa mbele ya macho ya nzi. Wanyama wengi waliouawa hawakuwa na hatia katika kesi waliyohukumiwa.

Katika Tanganyika njia nyingine ilipendwa zaidi, nayo ilikuwa kuwakusanya watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha wananchi wa sehemu nyingi za magharibi kutoka katika miji yao iliyotawanyika, ikawaweka pamoja kwa hesabu kwamba watu wengi wakilima mahali pamoja watakifyeka kichaka, na nzi asiye na kichaka hana kivuli cha kukaa. Haki yataka tuseme kwamba mahali pengi ugonjwa ulipungua. Lakini ardhi iliyoachwa haikubaki tupu ikiwangoja wenyewe. Miti ilifunga mashamba ya zamani, wanyama wakaingia, na mbung’o akaingia pamoja nao. Kizazi kimoja kilipopita, mgeni aliyesimama kilimani na kutazama aliona pori, akaandika kwamba ni pori tangu kuumbwa.

Je, lilikuwa pori tangu kuumbwa? Hapa ndipo msomaji wetu anapaswa kuwa mwangalifu kuliko kwingine kote, kwa kuwa jibu moja linatupendeza.

Yako mambo tunayoyajua. Mwaka 1861 msafara wa Speke na Grant ulipita Usui, nchi ambayo sehemu yake leo ni Biharamulo, nao ulizuiwa na kutozwa hongo kwa jina la mtemi Suwarora. Mtemi anayeweza kuuzuia msafara wenye bunduki hatawali vichaka vitupu. Twajua pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia na kuua ng’ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki, pamoja na nyati na wanyama wengine wenye kwato. Zikafuata ndui, njaa na vita vya wakoloni. Mwaka 1971 John Ford, aliyetumia miaka mingi kumchunguza mbung’o katika Afrika, alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya nafasi ya ugonjwa huo katika ikolojia ya bara letu. Hoja yake, kwa ufupi wetu, ni kwamba wazee walikuwa wamejifunza kuishi na nzi huyo kwa kulima, kuchunga, kuchoma nyasi na kuacha mipaka ya vichaka kati ya nchi na nchi, na kwamba sotoka na ukoloni ndivyo vilivyoivunja mizani hiyo. Watu na ng’ombe walichelewa kuongezeka, lakini kichaka na wanyama havikuchelewa. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, Mnorwei aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliikuza hoja kama hiyo kwa nchi yetu nzima, akisema kwamba kabla ya 1890 wananchi ndio waliokuwa mabwana wa mazingira yao.

Maneno hayo ni matamu kwa sikio la mtu aliyefundishwa shuleni kwamba babu zake hawakujua kitu. Tuliyapokea kwa shangwe, na bado tunayaona kuwa karibu na ukweli kuliko hadithi ya pori la kuumbwa. Lakini wanahistoria wengine, kama John Iliffe na Juhani Koponen, walikwisha kuonya kwamba picha hiyo imepambwa: njaa na maradhi vilikuwapo kabla ya mkoloni, vita vilikuwapo, biashara ya watumwa ilikuwapo, na idadi ya watu wa zama hizo haijulikani kwa uthabiti wa kubeba hoja nzito. Basi daraja la hoja hii ni dhana yenye nguvu, si yakini. Mwalimu anayeifundisha kuwa yakini kwa kuwa inawasifu wazee wetu anafanya jambo lile lile lililofanywa na mgeni aliyesimama kilimani. Heshima ya wazee haihitaji kutegemezwa kwa neno ambalo wao wenyewe wasingekubali kulishuhudia barazani.

Sasa tuulize: shaka hupotelea wapi? Ukisoma taarifa za watafiti wenyewe, mara nyingi utaikuta imo. Utakuta “yaelekea”, “kwa kadiri ya uchunguzi wetu”, “utafiti zaidi wahitajika”. Taarifa hiyo hupelekwa mjini, ikafupishwa katika ukurasa mmoja kwa ajili ya mkubwa asiye na nafasi. Ukurasa huo hufupishwa tena katika barua, na barua hiyo ikawa tangazo la kusomwa chini ya mwembe. Katika kila kituo neno moja dogo hushuka garini. Mwisho wa safari mwananchi husikia: “Wataalamu wamethibitisha.” Sisi tuliofanya kazi ya kuandika barua za serikali twaijua ladha ya neno “imethibitika”. Linaikaza sentensi. Mshairi naye anajua kishawishi cha namna hiyo, pale mizani ya mshororo inapopungukiwa na silabi moja akatia neno lisilo lake ili kuujaza. Lakini shairi lililojazwa hivyo huudhi masikio tu. Barua iliyojazwa hivyo huhamisha watu.

Ndiyo maana tunaliita jambo hili amana. Mtu aliyepewa mzigo wa kufikisha hana ruhusa ya kuupunguza njiani, hata kama anaona kwamba sehemu anayoipunguza ni nyepesi. Shaka ya mtaalamu ni sehemu ya mzigo. Anayeiacha njiani amewanyima wale wa mwisho wa njia jambo ambalo lingewawezesha kuuliza, kupinga, au kujiandaa kwa upande wa pili. Na hao wa mwisho wa njia ndio wanaolipa gharama iwapo dhana itageuka. Koch hakupofuka, na ofisa aliyechora ramani ya makazi mapya hakuacha kaburi la baba yake katika kichaka.

Mtu aweza kusema kuwa hayo ni ya wakoloni na yamepita. Tutazame basi ya karibu. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu waliokimbia mauaji na vita vya Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Idadi iliyotangazwa na wengi ni 250,000 katika muda wa kama saa 24, lakini yapo makadirio yaliyo chini yake. Hakuna aliyesimama darajani akihesabu vichwa. Kulikuwa na chakula cha kutafuta. Benaco na kambi nyingine zikawa miji mikubwa ndani ya wiki chache. Mpaka Desemba 1996, wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao, kuni za kupikia na nyama za kitoweo zilitoka katika nchi ile ile, na Mapori ya Akiba ya Burigi na Biharamulo yalikuwa karibu. Hesabu za wanyama zilizofanywa kwa ndege kabla na baada zilionyesha upungufu mkubwa sana.

Yafaa wanafunzi wajue hesabu hizo hufanywaje. Ndege ndogo huruka chini katika mistari iliyonyooka. Waangalizi hutazama kati ya fito mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa, na kuhesabu wanyama walio ndani ya ukanda huo tu. Kisha hesabu huzidishwa ili kupata makadirio ya nchi nzima. Tuseme kwa mfano kwamba ukanda ni sehemu moja ya kumi ya nchi, na nyati 50 wameonekana: makadirio yatakuwa 500. Lakini nyati hutembea kwa makundi. Kundi moja la nyati 40 likiwa limelala chini ya miombo, nje kidogo ya fito, jibu litakuwa 100. Wala nyati hawakupungua. Ndege ndiyo iliyopita kando. Kwa sababu hiyo mtaalamu huandika makadirio yake pamoja na kiasi anachoweza kukosea, juu na chini. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, iliyoundwa mwaka 1980, huziandika taarifa zake hivyo.

Je, tuseme basi kwamba hatujui kama wanyama walipungua? La. Hili ni kosa la pili, nalo ni ndugu wa la kwanza. Upungufu ulioonekana ulikuwa mkubwa kuliko kosa la fito na miombo, na dalili nyingine zilishuhudia upande ule ule: mitego, masoko ya nyama, visiki. Kwamba wanyama walipungua sana ni jambo linalokaribia yakini. Wangapi walipungua ni makadirio. Nani aliwala ni swali la tatu, na hapo midomo huenda haraka kuliko ushahidi, maana si kila mkimbizi aliwinda na si kila mwindaji alikuwa mkimbizi. Palikuwa na wanunuzi wenye nyumba zao. Na mnyama aliyevuka mto kwenda Akagera hakukuta amani, kwani mwaka 1997 hifadhi hiyo ilipunguzwa hata ikabaki chini ya nusu ili wananchi wa Rwanda waliorudi wapate ardhi. Majibu matatu yenye madaraja matatu, katika sentensi moja inayotamkwa na watu kana kwamba ni kitu kimoja: “Wakimbizi walimaliza wanyama.”

Mtu anayeikuza shaka ili asitende naye anavunja amana, kwa mlango wa nyuma. Husema: utafiti haujakamilika, tungoje. Utafiti wa ikolojia haukamiliki, kama tulivyoona katika habari ya makopo mawili, na msitu unaokatwa haungoji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeliona jambo hili: imeingiza kanuni ya tahadhari, kwamba palipo na hatari ya madhara makubwa yasiyorekebishika, kukosekana kwa yakini ya kisayansi kusiwe sababu ya kuacha kujikinga. Ni kanuni nzuri, na wazo lake si geni kwa mkulima aliyeweka mbegu ghalani. Tungeongeza jambo moja tu, ambalo kwa maoni yetu huachwa mara nyingi. Tahadhari nayo ina gharama, na haki yadai tuulize ni nani anayeilipa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi–Chato, na Tanzania ikawa na moja ya hifadhi kubwa nchini mwake. Wapo wafugaji na warina asali wanaoishi kando yake. Wakiambiwa kuwa jambo fulani ni marufuku kwa sababu ya tahadhari, waambiwe hivyo hivyo: kwa sababu ya tahadhari. Wasiambiwe kwamba imethibitika. Watu wazima huweza kuvumilia hasara kwa ajili ya dhana iliyoelezwa wazi, na watoto wao wataikumbuka siku dhana itakapopimwa upya.

Mwezi Januari 2025 swali hili lilirudi Biharamulo kwa sura nyingine. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kushuku ugonjwa wa virusi vya Marburg. Wizara ya Afya ilieleza kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari Rais alitangaza kwamba kipimo kimethibitisha mgonjwa mmoja. Katika siku hizo chache wako waliosema kwamba mtu fulani amedanganya. Lakini sampuli isiyoonyesha ugonjwa hueleza habari za sampuli hiyo. Haiwezi kuapa kwa niaba ya wilaya nzima. Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi. Watu 10 walikuwa wamefariki, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa kipimo na wanane wakihesabiwa kuwa yaelekea walikufa kwa ugonjwa huo. Msomaji ataona kwamba hata katika orodha ya marehemu waganga hawakuchanganya madaraja.

Virusi hivyo huishi katika popo wala matunda wanaolala mapangoni na katika machimbo. Basi darasani mtoto atauliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini popo wasiuawe wote? Swali hilo tumekwisha kulisikia, likiulizwa juu ya mamba na juu ya pundamilia. Kwa bahati safari hii liko jibu la jirani. Katika machimbo ya Kitaka, magharibi mwa Uganda, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007, na baadaye popo wa machimbo hayo wakaangamizwa. Miaka michache ikapita, popo wapya wakahamia humo. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena katika eneo la Ibanda, si mbali na hapo, na popo wapya walipopimwa, kama 13 katika kila 100 walikuwa na virusi, ilhali kabla ya maangamizi walikuwa kama 5. Mwalimu wa Biharamulo aweza kulijibu swali la mtoto namna hii: kwamba popo hao hubeba virusi ni yakini, kwamba kuwaua kwaweza kuongeza hatari ni dhana yenye ushahidi wa mahali pamoja, na njia hasa ambayo virusi vilimfikia mgonjwa wa kwanza wa wilaya yetu haikutangazwa kuwa imethibitika. Sentensi hizo tatu aziandike ubaoni, na ya tatu aiandike kwa herufi za ukubwa ule ule wa mbili za kwanza.